Antigone hakuasi kwa niaba ya kila mtu

Kwa muda mrefu Antigone, binti wa Oedipus katika tamthilia ya mwandishi Mgiriki Sophocles iliyoigizwa Athens yapata mwaka 441 KK, amesifiwa kuwa mtetezi wa haki za watu wote dhidi ya dola. Sifa hiyo si uzushi mtupu, kwani mbele ya mjomba wake, mfalme Creon, aliyepiga marufuku maziko ya Polyneices, kaka yake Antigone, anatamka waziwazi kwamba amri ya binadamu haiwezi kutangua sheria za miungu zisizoandikwa. Lakini akielekea pangoni atakakofungiwa angali hai kwa kosa la kumzika kaka yake, anasema jambo ambalo wengi hulipita haraka: asingeikaidi amri hiyo kwa ajili ya mume wala mtoto, maana mume mwingine angepatikana na mtoto mwingine angezaliwa, ilhali wazazi wake wamekwisha kufa na kaka mwingine hawezi kuzaliwa. Goethe, mwandishi wa Kijerumani, alitamani ithibitike kwamba mistari hiyo ilipachikwa baadaye. Hata hivyo mwanafalsafa Aristotle, karne moja tu baada ya Sophocles, aliitaja kama sehemu ya tamthilia. Huko Athens, kumwosha na kumlilia maiti ilikuwa kazi ya wanawake wa ukoo, na nionavyo mimi, hilo ndilo eneo ambalo Antigone hakukubali liingiliwe.