Binti, hedhi na joto la Dodoma: maswali na majibu

Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, jua la Dodoma huwaka kweli kweli, na binti aliye hedhini hupata tabu maradufu. Haya ni maswali ambayo mabinti na mama zao huuliza mara kwa mara katika miezi hiyo.

Nikiwa kwenye siku zangu nasikia mwili unawaka. Je, hedhi inaleta joto?

Kidogo, na zaidi ni siku za kabla ya damu kuanza kutoka. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupandisha joto la mwili kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 hivi za Selsiasi. Hedhi ikianza, joto hilo hushuka. Kwa hiyo siku za damu zenyewe, joto unalolisikia mara nyingi linatokana na nguo ulizovaa na maji ambayo hukunywa. Hayo mawili yako ndani ya uwezo wako.

Nguo zina shida gani?

Mtazame mwanafunzi wa sekondari anayerudi nyumbani saa nane mchana. Ndani ana chupi ya nailoni, pedi, taiti ya kubana na shimizi, kisha sketi nzito ya shule, na juu yake sweta limefungwa kiunoni. Vitu sita mahali pamoja, vyote kwa ajili ya hofu moja: asije akachafuka watu wakamcheka. Simlaumu. Wenye kosa ni wanaocheka.

Pedi nyingi za dukani zina utando wa plastiki upande wa chini. Geuza moja uidondoshee maji, utaona tone linabaki juu palepale. Utando huo unazuia damu isivuje, lakini pia unazuia jasho lisipate pa kutokea. Usiache pedi, punguza vingine. Vaa chupi ya pamba inayokaa vizuri mwilini, na badala ya taiti vaa bukta nyepesi ya pamba. Shimizi liache nyumbani. Kinga nzuri ya kuvuja ni kubadilisha mapema, kila baada ya saa 4 hivi, au kabla ya hapo damu ikiwa nyingi. Weka pedi na chupi ya akiba kwenye begi.

Bei ya pedi ni mzigo kwa familia nyingi. Kodi ya ongezeko la thamani iliyoondolewa kwenye taulo za kike mwaka 2018 ilirudishwa 2019, kwa hiyo mama anayemchagulia bintiye vitambaa vya kufua ana sababu zake. Vitambaa safi vya pamba ni salama, na hupitisha hewa. Viloweke kwenye maji baridi, uvifue kwa sabuni, uvianike juani. Jua letu litavikausha upesi. Vikikauka kwa kufichwa chini ya godoro hubaki na unyevu, na unyevu huleta fangasi na muwasho. Ukiona aibu, vifunike kwa khanga nyepesi kwenye kamba.

Shuleni sinywi maji ili nisiende chooni. Ni vibaya?

Ni vibaya, mwanangu, na hapa naomba unisikilize. Najua unachokikimbia: choo hakina maji, mlango haufungi, foleni ni ndefu na kengele inakaribia. Lakini hewa ya Dodoma ni kavu. Ukiwa Dar es Salaam jasho linakutiririka na unajua kabisa kwamba umepoteza maji. Hapa kwetu jasho hukauka kabla hujaliona. Unaweza kushinda darasani chini ya bati bila tone kwenye paji la uso, kumbe mwili umekauka. Baadaye kichwa kinagonga, unasikia kizunguzungu, mkojo unakuwa wa njano iliyokolea, na wewe unasema ni siku zako tu. Kutokunywa maji na kubana mkojo kutwa pia hurahisisha maambukizi ya njia ya mkojo.

Kunywa glasi mbili kabla ya kutoka nyumbani, beba chupa ya lita moja na uinywe kidogo kidogo mpaka iishe, kisha ongeza jioni. Lita 2 kwa siku ni kiasi kizuri, na siku za jua kali zidisha. Uji, tikiti maji na juisi ya ubuyu isiyojaa sukari vinasaidia.

Mwalimu au matroni unayesoma hapa: ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, komeo la ndani na pipa lenye mfuniko ndivyo vitakavyomfanya binti huyu anywe maji. Na akiomba ruhusa ya kutoka, usimhoji mbele ya wenzake.

Bibi yake anamkataza kuoga maji ya baridi, eti damu itaganda tumboni. Ni kweli?

Hapana, mama. Mji wa mimba uko ndani kabisa, una joto lake, na maji ya kuoga hayaufikii. Mweleze bibi taratibu, kwa heshima, maana anasema kwa kumpenda mjukuu. Binti aoge mara mbili kwa siku. Maji yakiwa ya shida, nusu ndoo inatosha. Sehemu za siri asafishe nje tu, sabuni isiingie ukeni, na poda asipake huko. Mapaja yakichubuka, ayakaushe vizuri kisha apake mafuta ya mgando kidogo.

Usiku, kitambaa kilicholowa shingoni kinampoza kama mtungi unavyopoza maji. Katika hewa kavu njia hii inafanya kazi vizuri sana.

Tumbo likikaza naambiwa niweke chupa ya maji ya moto. Na joto hili?

Weka, ila tumboni tu, ukiwa umeizungushia kitambaa, kwa dakika 15 hadi 20. Maumivu hayo ni ya mji wa mimba kujikaza, na joto huulegeza. Ibuprofeni nayo husaidia: imezwe baada ya kula, na maji ya kutosha. Mwenye pumu, vidonda vya tumbo au tatizo la figo aulize kwanza.

Nile nini?

Damu huondoka na madini ya chuma. Kula maini, dagaa, kunde, maharage na mboga za majani, pamoja na limao au ubuyu. Chai isubiri saa moja hivi baada ya chakula.

Nitajuaje kwamba huu sasa ni ugonjwa?

Hedhi ya kawaida haileti homa. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38 au zaidi, nenda zahanati upimwe malaria na mkojo. Nenda pia kama pedi inajaa kila saa moja au mbili kwa saa kadhaa mfululizo, kama damu imepita siku 7, kama yanatoka mabonge yenye upana unaozidi sentimita 2.5, au kama unachoka na kuhema kwa kazi ndogo.

Binti akianguka juani mwili ukiwa wa moto, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, mpelekeni kivulini, mlegezeni nguo, mmwagieni maji mwilini huku mkimpepea, na mtafute usafiri wa hospitali wakati huohuo. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.