"Huyo mzee hana karatasi": dhana potofu tunapomtafuta babu wa karne ya 19 Ugogo

Ukoo wetu ukikutana Mvumi, hapa Ugogo, nchi ya Wagogo mkoani Dodoma, hakosi kijana wa kutoa simu na kuuliza: "Huyu babu alizaliwa mwaka gani?" Wazee wanatazamana. Mmoja anasema, "Treni ilimkuta ameshakufa." Mwingine anasema, "Ng'ombe walipokwisha alikuwa na mtoto wa kuchunga ndama." Kijana anarudisha simu mfukoni, maana kwake hilo si jibu. Mimi ni kilembwe wa mzee huyo na nimemfuatilia miaka kadhaa sasa. Majibu yale mawili yalinifikisha mbali kuliko ofisi yoyote niliyopanga foleni.

Dhana: Bila cheti cha kuzaliwa, hakuna tarehe.

Ukweli: Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo Tanganyika ni ya 1920, na hata baada ya hapo mtu wa kijijini hakusumbuliwa nayo. Ukitafuta cheti cha mtu wa 1860 unatafuta pembe ya farasi. Tarehe zake ziko kwenye matukio.

Reli ya Kati ilifika Dodoma 1910. Basi mzee wetu alikufa kabla ya hapo. "Ng'ombe walipokwisha" ni sotoka, tauni ya ng'ombe iliyopita huku mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mtoto wa kuchunga ndama ana miaka kama saba au minane, kwa hiyo alizaliwa karibu na 1884, na baba yake huenda alizaliwa karibu na 1860. Hayo nimeyapata chini ya mwembe, bila kujaza fomu.

Ila kuna mtego. Ng'ombe wa Ugogo wamekufa zaidi ya mara moja, na njaa zimekuja nyingi. Ile ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920, inameza nyingine zote katika kumbukumbu. Ndiyo maana swali langu kwa wazee huwa hili: "Mwaka ule, na nyati na twiga walikufa?" Sotoka ile ya kwanza iliua hata wanyama wa porini. Mzee akijibu "walioza porini mpaka fisi wakawashindwa", najua tuko mwaka mmoja.

Swali la pili ni la funza, wale wa kuingia vidoleni. Wadudu hawa walivuka bahari kutoka Brazil, wakashuka pwani ya Angola 1872, na iliwachukua hadi miaka ya 1890 kulivuka bara na kufika upande wetu. Mtu anayesemwa "utotoni kwake funza hawakuwapo" ni wa karne ya 19 bila ubishi.

Dhana: Jina la tatu ndilo la mwanzilishi wa ukoo.

Ukweli: Mara nyingi ni jina la babu tu, lililogandishwa siku mtoto alipoandikishwa shule. Ndugu wawili walioandikishwa na watu tofauti wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti, na watoto wao wakadhaniwa si ndugu. Kinachodumu zaidi kwa Wagogo ni ukoo na mwiko wake, yaani kile ambacho watu wa ukoo huo hawali wala hawagusi. Uliza mwiko kabla ya kuuliza jina.

Hapo pia usishangae ukiambiwa wahenga wako walitoka Uhehe, Unyamwezi au Ukaguru. Koo nyingi za Ugogo zina simulizi za kuhamia. Binamu yangu mmoja alinuna nilipomwambia sisi tulitoka kusini, kana kwamba nimemvua uraia.

Dhana: Kama babu alitembea na misafara, basi alikuwa mtumwa.

Ukweli: Watumwa walipitishwa kweli katika njia ya Bagamoyo kwenda Tabora, na jambo hilo si la kufichwa. Lakini wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliolipwa kwa nguo. Na Wagogo wengi hawakubeba mzigo kabisa: waliuzia misafara nafaka na maji, na watemi wao walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila aliyepita. Nchi kavu kama hii, mwenye kisima ndiye mwenye sauti. Simulizi yetu inamtaja mzee akipewa kaniki "kwa ajili ya maji". Nilisoma sentensi hiyo mara tatu ndipo nikaelewa kwamba alikuwa muuzaji.

Dhana: Vitabu vya Wazungu havina la kutusaidia.

Ukweli: Jina la babu yako halimo, hilo kubali mapema. Mazingira yake yamo. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita Ugogo 1857, na Stanley 1871. Stanley ameandika vituo vyake: Mvumi, Matamburu, Bihawana, Kididimo. Matamburu hiyo ndiyo Matumbulu tunayopanda daladala kwenda. Soma kwa sikio. Tahajia zao ziliandikwa na watu waliochoka, wenye homa, wanaosikia lugha kwa mara ya kwanza. Mzee wetu alikuwa mvulana wa miaka kama kumi na moja msafara ule ulipopita. Huenda alikuwa miongoni mwa watoto waliokwenda kushangaa.

Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, waliingia Mpwapwa mwishoni mwa miaka ya 1870, na barua zao ziko Birmingham, Uingereza. Mafaili ya Wajerumani yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwa Kijerumani na mwandiko wa kukunjamana. Madaftari ya ubatizo ni bahati nasibu: nililofunguliwa mimi, mchwa walikuwa wameshabatizwa humo kwa mamia.

Dhana: Babu alikuwa chifu.

Kila ukoo una chifu. Waingereza walipopanga utawala wa wenyeji katika miaka ya 1920 walisambaza vyeo, na vyeo hivyo vikarudishwa nyuma hadi kwa babu aliyekuwa na ng'ombe wengi tu.

Dhana: Bibi zetu wamepotea, orodha ni ya wanaume.

Ukweli: Orodha ndiyo ya wanaume, mahari siyo. Nilihangaika miaka miwili na mke wa mzee wetu, hana jina mahali popote. Kisha nikamuuliza shangazi swali tofauti: ng'ombe wa mahari yake walikwenda kwa nani? Alikuwa anapepeta uwele. Hakuinua kichwa. Akaanza kuwataja mmoja mmoja: mwekundu alichukuliwa na mjomba wa bibi harusi, mwenye baka ubavuni akaenda kwa kaka yake upande wa Kigwe, yule dume akafa njiani na wakagombana mpaka wakalipa mwingine. Katikati ya ugomvi huo wa dume akalitaja jina la bibi, kama vile tulilijua siku zote.