Kung'oa jino la juu hakupofushi jicho

Hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Ibanda, bado wapo wanaovumilia jino bovu kwa miezi kadhaa wakiogopa kwamba daktari aking'oa jino la juu atakata mshipa wa jicho. Hofu hiyo haina msingi: jicho huona kwa neva (mshipa wa fahamu) ya pili kati ya zile za fuvu, zinazounganishwa moja kwa moja na ubongo, ilhali meno hupata hisia kwa neva ya tano, ambayo tawi lake moja huhudumia meno ya juu, shavu na kope la chini, ndiyo maana maumivu ya jino huonekana kana kwamba yanatoka jichoni. Cha kuogopwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuchelewa, kwani usaha wa jino lisilotibiwa unaweza, ingawa ni nadra, kupanda hadi kwenye tundu la jicho na kuhatarisha uwezo wa kuona.