Miale ya gama kutoka M82: fotoni 91 katika saa 137

M82, galaksi iliyo katika kundinyota la Dubu Mkubwa, umbali wa miaka-nuru milioni 12 hivi, ina kitovu kinachozaa nyota kwa kasi kubwa mno. Nyota nzito hufa mapema kwa kulipuka, na mawimbi ya milipuko hiyo hurusha protoni karibu na kasi ya mwanga. Zikigonga gesi iliyosongamana pale kitovuni, huzaliwa pioni, chembe zisizodumu, na pioni isiyo na chaji huvunjika papo hapo kuwa fotoni mbili za gama, yaani chembe za mwanga wenye nishati kubwa mno. Anayetaka kuzihesabu protoni hizo basi azitafute gama.

Darubini 4 za VERITAS huko Arizona, kila moja na kioo cha mita 12, haziioni fotoni yenyewe. Huona mmweko wa buluu wa nanosekunde chache, unaotolewa na chembe zinazomwagika angani fotoni inapogonga hewa. Taabu ni kwamba protoni zinazoinyeshea Dunia kutoka kila upande hutoa mimweko ya aina hiyohiyo, maelfu kwa gama moja. Umbo ndilo huzitenga: picha ya gama ni duaradufu nyembamba, ya protoni imetanuka na kumeguka.

Hata ukichuja, mabaki hayakosi. Kwa hiyo darubini huelekezwa nusu digrii pembeni ya M82, na upande hubadilishwa mara kwa mara. Mabaki hupimwa kwenye maduara yaliyo umbali uleule kutoka katikati ya kamera, kwa kuwa wepesi wa kamera kunasa mimweko hupungua kuelekea ukingoni. Ukichagua duara la katikati zaidi, mabaki yatazidi na kuimeza ishara. Ukichagua la ukingoni, utajitengenezea ishara isiyokuwepo. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, maana linafurahisha.

M82 iko karibu nyuzi 70 kaskazini, hivyo Arizona haiioni ikipanda juu sana. Mwanga hupita hewa nyingi, mimweko hafifu hupotea, na kizingiti, yaani nishati ndogo kabisa inayoweza kunaswa, kikapanda hadi GeV 700 (elektronivolti bilioni 700). Matokeo ya 2009: fotoni 91 za ziada kwa saa 137, chini ya asilimia 1 ya mng'ao wa Nebula ya Kaa, chanzo angavu kinachotumiwa kama kipimo cha gama.

M82 hutoa pia eksirei, na kwenye eksirei kali fotoni ni tele. Swali ni za nani. NuSTAR, darubini ya eksirei iliyo angani, hutenganisha vitu vilivyoachana sekunde 18 za tao (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii), ilhali M82 X-1 na X-2, vyanzo viwili vya eksirei ndani ya galaksi hiyo, zimeachana 5 tu, zikaonekana doa moja. Mwaka 2014 mapigo ya kila sekunde 1.37 ndiyo yaliyofichua kwamba X-2 ni nyota ya nyutroni. Ukitafuta mapigo hayo, kwanza hamishia nyakati za fotoni kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua, kisha ondoa athari ya mzunguko wa siku 2.5 wa nyota hiyo na mwenzake. Usipofanya hivyo mapigo yatafifia. Na usidai kwamba eksirei yoyote imetolewa na elektroni zilizotapakaa katika galaksi nzima kabla ya kuzitoa zile za X-1 na X-2.