Zebaki ya nywele sio zebaki ya mkojo, jamani

Wiki hii tena. Kikao, projekta inawaka, mtu mzima na akili zake ananyoosha mkono eti "si data mnazo? Unganisheni tu tujue zebaki inaumiza watu kiasi gani." Kuunganisha mafaili ni dakika mbili bwana. Unachounganisha ndo kazi.

Chukua Geita. Mchimbaji mdogo anachanganya zebaki na mchanga wa dhahabu, anakamua anapata kidonge, anakichoma, mara nyingine hapohapo nyuma ya nyumba anapolala, zebaki inakuwa mvuke na kama asilimia 80 ya anaouvuta unabaki mwilini. Hiyo utaikuta kwenye mkojo. Sasa dada yake anayekula samaki wa ziwani kila siku, yeye anapata methilizebaki, ile aina ya zebaki inayojikusanya kwenye samaki, na hiyo kwenye mkojo utaisubiri sana, iko kwenye damu na nywele. Vitu viwili tofauti. Halafu naletewa faili kolamu imeandikwa "Hg" tu, yaani alama ya zebaki, nywele na mkojo humohumo, na wastani umeshapigwa. Wastani wa nini sasa?

Ndo maana nawasumbua na namba za CAS, kitambulisho cha kimataifa cha kila kemikali. Zebaki yenyewe 7439-97-6, methilizebaki 22967-92-6. Andika namba, andika sampuli ni ya nini na imechukuliwa lini. Twende.

Vizio: maabara moja inaleta mikrogramu kwa lita, nyingine nanomoli, inayohesabu chembe badala ya uzito. Mikrogramu 1 ya zebaki ni karibu nanomoli 5. Niliwahi kugundua kijiji "chenye sumu mara tano" na nikaanza kabisa kuandika barua pepe kwa wakubwa. Tuishie hapo.

Ila kinachonitoa roho ni sifuri. Kila mashine ina kiwango ambacho chini yake haioni kitu, na kutoona sio kwamba hakuna, giza likiingia ng'ombe bado yuko zizini. Sasa huyu anaandika 0, yule anaacha wazi, mwingine anaweka nusu ya kile kiwango, mwingine anakigawa kwa kipeuo cha pili cha 2, na kila mmoja anaapa kafuata utaratibu. Unganisha hayo mafaili manne uone, kijiji kilichopimwa na mashine isiyoona vizuri kinatoka kisafi kuliko vyote! Na ile seli tupu, je, mtu hakuleta mkojo au aliuleta haukuonekana na kitu? Aliyejaza kashahama kazi, simu hapokei.

Na sisi wataalamu tusijifanye malaika. Mtu aliyeshinda juani bila maji mkojo wake umekolea, so tunagawa zebaki kwa kreatinini, taka ya mwili inayotoka na mkojo, ili tulinganishe watu. Sawa. Lakini kreatinini inatoka kwenye misuli, na mtu anayeponda mawe ana misuli kuliko mhasibu, kwa hiyo ukigawa unampunguzia zebaki kwenye karatasi, yeye ambaye ndo umemfuata. Tunagawa hivyohivyo. Nywele nazo, mvuke unaganda kwa nje, unaosha sampuli vizuri kabisa, lakini kwa mchomaji siwezi kukuapia kwamba kilichobaki kimetoka ndani.

Halafu kuna mama wa mjini, mwalo wa kuchenjulia dhahabu hajawahi kuuona, mkojo wake una zebaki kuliko mchomaji. Krimu ya kujichubua hiyo. Dodoso lisipouliza krimu, unaenda kuusingizia mgodi ulio kilomita mia. Tukaongeza swali "unatumia krimu ya kujichubua?" wote wakasema hapana, mmoja akacheka kabisa. Siku hizi nauliza "dada, asubuhi unajipaka nini?" halafu naomba kuliona kopo. Juzi nimeletewa moja lebo imebanduliwa yote. Kwenye faili nimeandika "haijulikani". Sio 0.