Nano si mashine

Juzi barazani Ngamiani, Tanga, mzee mmoja alinionya: "Mwanangu, hizo chanjo za nano zina vimashine vya kutufuatilia." Hapana, baba. Nano ni kipimo tu cha udogo. Chukua chanjo moja ya aina hiyo, ya homa ya mafua (influenza): chembe yake ni protini; vipande 24 vya feritini, protini ya kuhifadhi madini ya chuma ambayo hata mwilini mwako imo, hujiunga vyenyewe kuwa kijitufe. Juu yake husimama miiba 8 ya kirusi cha influenza, kama karafuu zilizochomekwa kwenye chungwa. Kichwa cha mwiba hubadilika mara kwa mara, ndiyo maana chanjo ya mwaka jana hupitwa. Shina halibadiliki sana, na hapo ndipo watafiti wanataka kinga ilenge. Kirusi kizima hakimo, hivyo chanjo hiyo haiwezi kukuambukiza. Bado inajaribiwa, zahanati zetu hazijaipata.