Je, wajua kwa nini madevelopa (waandishi wa programu za kompyuta) huposti bagi zao, yaani makosa ya programu, kwenye mtandao wa kijamii wa Mastodon hata kabla hawajazitatua?

Ukianza kumfolo developa mmoja tu pale Mastodon, kesho yake utadhani umepotea njia. Huyu kaweka skrinishoti ya kosa lililomkalisha toka asubuhi, yule ana ugomvi na majira ya saa (hawa watu na saa za nchi mbalimbali hawajawahi kupatana), mwingine kaandika "imekubali, sijui imekubalije" halafu kimya. Hakuna anayejisifu sana. Mitandao mingine tumezoea mtu anaonyesha kitu kikishaiva, hawa wanakuletea sufuria likiwa bado jikoni na moshi juu.

Sasa kwa nini? Ni wanyenyekevu kuliko wengine? Wapi! Mimi naona sababu kubwa ni jinsi mtandao wenyewe ulivyojengwa, na hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

Mastodon ilianzishwa na Eugen Rochko, Mjerumani, mwaka 2016. Siyo tovuti moja yenye mwenyewe mmoja, ni seva nyingi sana (kompyuta zinazohifadhi akaunti na posti za watu) na kila seva ina wenyewe na sheria zake. Chukulia laini za simu: wewe una laini ya kampuni hii, rafiki yako ana ya kampuni ile, na bado mnapigiana bila shida. Ndo maana jina la mtu kule lina sehemu mbili, jina lake na jina la seva yake. Kinachoziunganisha ni protokali, yaani kanuni za kuwasiliana, inaitwa ActivityPub, ambayo W3C, wale wanaosimamia viwango vya wavuti, waliipitisha Januari 2018. Na siyo Mastodon peke yake inayoongea hiyo lugha, kuna PeerTube ya video, Pixelfed ya picha, Lemmy ya mijadala, na mtu wa huku anaweza kumfolo mtu wa kule. Zote ni programu huria, yaani kodi yake (siyo ile ya mwenye nyumba) iko wazi, ukitaka kuisoma soma, ukitaka kuibadilisha badilisha.

Ndo madevelopa wakanogewa. Wengi walihamia mwishoni mwa 2022 Elon Musk alipoinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na walipofika wakakuta vijiji vyao vimeshajengwa, kama Fosstodon ambayo ni ya wapenzi wa programu huria.

Turudi kwenye zile bagi. Ukurasa wako wa nyumbani Mastodon unapangwa kwa muda tu, kipya juu, cha zamani chini, basi. Hakuna algorithimu inayoamua nani aonekane. Laiki unayompa mtu haimpandishi kwenye kurasa za nyumbani za watu wengine, ukitaka posti yake iende mbali unaisukuma mwenyewe kwa wanaokufolo. Matokeo yake posti ya "nimekwama hapa" ina nafasi ileile na posti ya "nimezindua programu mpya", na mtu akishajua haadhibiwi kwa kuposti kitu kidogo basi anaposti kitu kidogo. Halafu kuna hashtegi. Kwa miaka mingi ndo zilikuwa njia pekee ya kutafuta posti za watu usiowajua, kutafuta kwa maneno ya kawaida kulikuja kukaa sawa toleo la 4.2 mwaka 2023, na hata hapo ni kwa mwenye posti aliyeruhusu. Kwa hiyo developa akikwama kwenye lugha ya programu ya Rust anaandika #rust, na kwa kuwa hashtegi unaweza kuifolo kama unavyomfolo mtu, posti yake inawatokea watu wanaokesha na hiyo lugha. Wakati mwingine anayemjibu ni yuleyule aliyeandika programu inayomsumbua, na hiyo ukiizoea unaona mitandao mingine kama unaongea na ukuta.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa tarehe 29 Machi 2024. Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa anapima kasi ya mabadiliko yake mwenyewe, hana habari na mambo ya usalama. Akaona kulogini kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali) kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Mimi na wewe tungelaumu intaneti tukaendelea na maisha, yeye akachimba, na kumbe kwenye programu ya kubana mafaili inaitwa xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, kuna mtu ameficha mlango wa uani wa kuingilia kwenye mashine za watu. Huyo mtu, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amejipendekeza kwenye mradi ule zaidi ya miaka miwili, anasaidia kazi taratibu mpaka akaaminiwa. Freund akatoa taarifa rasmi kwa wataalamu wa usalama, na siku hiyohiyo akaandika Mastodon kwa utulivu kabisa kwamba kagundua tatizo la usalama kwa bahati akiwa anapima mambo ya Postgres. Ni sauti ileile ya mwenye bagi ya majira ya saa, ila hii ya kwake ilikuwa tayari imeanza kuingia kwenye matoleo ya majaribio ya mifumo ya Linux ya Debian na Fedora, na ikaambiwa watu kabla haijasambaa kwenye mashine nyingi.

Siyo kila siku ni drama hivyo lakini. Siku za kawaida utakuta mtu anashea amri fupi ya tamino (lile dirisha la kuiandikia kompyuta amri) aliyoigundua leo baada ya kufanya kazi hiyo miaka kumi kwa mikono, au linki ya makala aliyoandika kwenye tovuti yake, au toleo jipya la kaprogramu kake kanakotumiwa na watu wachache na wote anawajua kwa majina. Boti nazo, yaani akaunti zinazojiposti zenyewe, zimejaa, za kutangaza matoleo mapya na za upuuzi tu, kwa sababu kuunganisha programu yako na seva hakulipiwi, wakati Twitter walitangaza mwaka 2023 kufunga njia ya bure.

Kushea kodi yenyewe ndo kuna kichekesho. Mtandao umejaa waandika kodi, na posti ya kawaida ya Mastodon inakupa herufi 500 na haikupi namna ya kuipanga hiyo kodi ikasomeka. Basi wanaweka picha. Ila picha msomaji asiyeona hawezi kuisoma, ndo maana huko kuna desturi kali ya kuambatanisha maelezo na kila picha, na wengine hata hawasukumi posti yako kama hujaandika. Nafasi ya maelezo ni herufi 1,500, mara tatu ya posti yenyewe, kwa hiyo watu wanabandika kodi nzima humo. Kwa nje picha, kwa ndani maandishi.

Ikifika Desemba ndo utawapenda. Kuna mchezo wa mafumbo ya programu unaitwa Advent of Code, ulianza 2015, kwa siku kadhaa mfululizo kila siku fumbo jipya, na kila mtu anataka kuonyesha alivyolifumbua ila hataki kumharibia mwenzake ambaye hajaamka. Mastodon ina kile kitufe cha onyo, unaandika kichwa tu na mwili wa posti unafichwa mpaka mtu aubonyeze. Wengine wanakitumia kwa mambo mazito ya kuumiza moyo, wao wanafichia majibu ya mafumbo.

Kitu kingine wanachoshea sana ni matatizo ya seva zao wenyewe, kwa sababu wanaoziendesha mara nyingi ni haohao madevelopa. Hachyderm, seva ya watu wa teknolojia iliyoanzishwa na Kris Nóva (alifariki 2023), ilikuwa inaendeshwa kwenye mashine zilizokaa chini ya nyumba. Novemba 2022 wageni wakamiminika mpaka ikawa na watu kama 30,000, diski zikaanza kuchoka, posti zikawa zinachelewa, na timu ikaandika hadharani kilichovunjika ni nini na wanahamishaje kila kitu kwenda kwenye mashine za kukodi Ujerumani. Watumiaji wakasoma kama tamthilia, nusu yao wakitoa ushauri, kwa sababu si ndo kazi yao.

Ila usidhani mpangilio huu hauna gharama. Developa akishea linki ya tovuti yake ndogo, kila seva yenye mtu anayemfolo inaenda yenyewe kwenye ile tovuti kuchukua kichwa cha habari na picha ya kuonyesha. Hakuna seva kuu ya kuchukua mara moja na kugawia wengine, hilo ndo lengo, hakuna mkubwa. Ukifolowa na watu kutoka seva elfu moja basi wageni elfu moja wanafika karibu kwa wakati mmoja kabla hata binadamu wa kwanza hajabonyeza, na tovuti inayokaa kwenye kakompyuta kadogo inadondoka, na mwenyewe anarudi Mastodon kuposti kwamba imedondoka. Dawa waliyoiweka ndani ya kodi ya Mastodon ni ya kienyeji kabisa: kila seva inasubiri sekunde kadhaa za kubahatisha, zisizofika 60, ndo iende. Wageni ni walewale, ila angalau wanapiga hodi kwa kupishana.